Injini inayogonga asubuhi tu

SWALI: Shikamoo Fundi. Marehemu babu ameniachia Volkswagen Beetle ya 1972, injini ya 1600. Kila asubuhi nikiiwasha inapiga tak-tak-tak upande wa kushoto, na nikikanyaga mafuta inazidi. Baada ya dakika kumi hivi sauti inatoweka kabisa. Tapeti, vile vyuma vinavyosukuma valvu, zimesetiwa mara mbili, sauti iko palepale. Fundi wangu anasema beringi za konrodi, ile mikono inayounganisha pistoni na krenki, zimekwisha, injini ishushwe. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba, mjukuu wangu. Usiishushe bado.

Beringi ya konrodi iliyokwisha haina tabia hiyo. Oili ya baridi ni nzito, inaufunika ule ulegevu kidogo. Ikichemka inakuwa nyepesi, na hapo ndipo kugonga kunapozidi. Yako inanyamaza ikipata moto. Kwa hiyo kuna upenyo unaojiziba chuma kikitanuka, nami nashuku gasketi ya eksozi, pale bomba linapofungwa kwenye silinda hedi. Kila silinda hutoa moshi mara moja katika mizunguko miwili ya krenki, na tapeti zake hupiga kwa mwendo huohuo. Ndiyo maana hata sikio zoefu hukosea.

Kesho, kabla ya kuwasha, ingia chini na tochi uangalie maungio hayo. Masizi meusi yaliyotapakaa kuzunguka nati yatakupa nusu ya jibu. Kisha tafuta mpira wa maji wa mita moja, ncha moja sikioni, nyingine uipitishe polepole karibu na maungio wakati injini inaunguruma. Mafundi wengi hutumia bisibisi ndefu, lakini bisibisi huleta mtikisiko wa chuma, na wewe unatafuta hewa inayochomoka. Weka nguo na vidole mbali na mkanda wa feni.

Ukitaka uhakika, zima injini, chomoa waya wa plagi ya silinda ya 3, uufunge kwenye chuma cha injini, uwashe tena ikiwa bado baridi. Rudia kwa silinda ya 4, maana hizo mbili ndizo za upande wa kushoto. Sauti ikififia, umeipata silinda yenyewe, na tapeti hazina kosa, kwa sababu tapeti hupiga hata plagi isipochoma.

Nikiwa kijana niliishusha injini ya mteja kwa sauti kama hii. Beringi zilikuwa nzima, kosa lilikuwa bomba lililolegea. Mzee yule alikaa bila gari wiki nzima kwa haraka yangu, na mpaka leo inaniuma.

Kuhusu tapeti: upenyo wake uwe milimita 0.15, injini ikiwa baridi kabisa, iliyolala usiku kucha. Fundi wako asizibane zaidi ili kuua kelele, kwa sababu valvu haitafunga sawasawa. Valvu ya eksozi isiyokaa vizuri kwenye kiti chake haipoi, inaungua, tena kimyakimya. Katika injini za kabla ya 1971 silinda ya 3 ndiyo ilikuwa ikiteseka zaidi, maana rejeta ya oili iliizibia hewa ya feni.

Sasa jambo linalonitia wasiwasi kuliko kelele yenyewe. Hita ya Beetle huvuta hewa inayopita kando ya mabomba ya eksozi na kuileta ndani mlipokaa. Gasketi ikivuja, moshi unaweza kuja nayo, na ndani yake kuna kaboni monoksidi, ambayo haina harufu wala rangi na inaua. Funga hita kuanzia leo, endesha vioo vikiwa wazi, na usiiwashe gari ndani ya gereji iliyofungwa.

Gasketi mpya ikiwekwa, nati zikazwe kidogokidogo kwa zamu. Boliti za miaka hiyo hukatika zikilazimishwa, hivyo zilowekwe oili ya kutoa kutu usiku mmoja kabla. Kama baada ya hapo bado inagonga, na taa ya oili inamweka injini ikiwa moto, basi fundi wako atakuwa na haki ya kuishusha.