Picha tisa na lipu inayobomoka

Dada, pole. Umesema una picha tisa za familia, nyumba ya kupanga hapo Ujiji, na msumari wa kwanza umeng'oa kipande cha lipu. Mimi niko Gungu, yalinikuta hayo hayo. Niligonga kwanza, nikapanga baadaye. Ukuta ukabaki na matundu kama chujio.

Weka nyundo pembeni. Tandaza picha sakafuni, anza na iliyo kubwa, isogeze kidogo kutoka katikati, kisha izungushie zile ndogo. Kati ya fremu na fremu acha vidole vitatu, kote sawa. Ukiridhika, kata magazeti ya zamani kwa vipimo vya fremu, yabandike ukutani kwa selotepu na uishi nayo siku mbili. Katikati ya kundi zima pawe kama sentimita 150 kutoka sakafuni. Wengi tunatundika juu mno, mgeni anabaki kuangalia dari.

Lipu yako nadhani ina mchanga mwingi, msumari hautashika. Tafuta fundi mwenye drili atoboe hadi kwenye tofali, aweke plagi za plastiki, vile vijiti vya kushikia skrubu ukutani. Kama ni tofali mbichi, fremu za kioo kizito sahau. Mwenye nyumba aambiwe mapema. Na usitoboe juu au chini ya swichi na soketi, nyaya hupita humo. Huna uhakika, ita fundi umeme.

Ile ya marehemu babu usiielekeze dirishani, jua litaifubaza. Toa nakala, tundika nakala, ya asili ifungie sandukuni.