Maboksi ya kuhamishia nguo zikiwa kwenye henga: maswali na majibu

Barua za safari hii zimetoka Lamu mjini, Shela na Malindi, na zote zinauliza jambo moja: namna ya kuhama nyumba bila kuzikunja nguo zilizokwisha kupigwa pasi. Boksi la kazi hii mtu yeyote mwenye kisu kikali na futi kamba anaweza kulitengeneza nyumbani. Huharibika mahali pawili, pale fimbo inapokaa na pale unyevu unapoingia, na hapo ndipo tumekaza maelezo.

Nimepata katoni la friji. Nilikate vipi? (Msomaji, Langoni, Lamu mjini)

Kabla ya kukata, tazama mawimbi yaliyomo ndani ya kadibodi. Boksi likisimama, mistari ya mawimbi nayo isimame wima. Ikilala, kuta hujikunja mara tu zikiwekewa mzigo juu, hata kama kadibodi ni nene. Chagua kadibodi ya mawimbi mawili, ile ambayo ukiichungulia pembeni unaona tabaka mbili za mawimbi. Ya wimbi moja inafaa kwa nguo za watoto tu.

Vipimo vinavyofaa nguo za mtu mzima ni upana sentimita 60, kina 50 na kimo 105. Fungua katoni kwenye kona moja, ulitandaze chini, kisha ukate kipande kimoja chenye urefu wa sentimita 225 na kimo cha 155. Ile 225 ni 60, 50, 60 na 50 kwa kuta nne, pamoja na 5 za ukingo wa kugandishia. Ile 155 ni 105 za ukuta, na 25 juu na 25 chini za vifuniko. Vifuniko vya kuta pana vikikunjwa hukutana katikati sawasawa, kwa kuwa 25 mara mbili ni 50.

Usikunje kwa mkono mtupu. Weka ubao ulionyooka kwenye mstari, kandamiza kwa mpini wa kijiko mara mbili tatu mpaka mfereji uonekane, ndipo ukunje. Mkunjo usiokandamizwa hupasuka upande wa nje. Mikunjo ya zamani ya katoni ikiangukia katikati ya ukuta, gandisha juu yake kipande cha kadibodi cha upana wa sentimita 10.

Ule ukingo wa sentimita 5 upake gundi nyeupe ya mbao, uweke vitabu au tofali juu, uache ulale usiku mzima. Ukishakauka ndipo upitishe selotepu pana ya kahawia. Selotepu peke yake kwa joto la pwani hulegea na kuanza kuteleza, hasa mahali penye vumbi. Chini ya boksi pitisha selotepu kwenye ufa wa katikati na kwenye kingo mbili za pembeni, na ncha zake zipande ukutani sentimita 10.

Nilitumia bomba la plastiki kama fimbo. Likapinda na nguo zote zikarundikana katikati. (Msomaji, Malindi)

Bomba jembamba halifai. Tumia mpini wa fagio wa mbao ngumu wenye unene wa sentimita 2.5 hivi. Kwa Lamu, kipande cha ufito wa mkoko uliobaki kwenye ujenzi kina nguvu ya kutosha na zaidi, lakini uangalie sana: magome ya mkoko yana rangi nyekundu, ndiyo maana yalitumika kutengenezea ngozi. Yakipata unyevu kidogo, rangi inashuka kwenye kanzu nyeupe na haitoki. Ubambue wote, uuanike kivulini wiki nzima, uupige msasa, kisha uuzungushie kitambaa safi. Kitambaa pia kinazuia henga kuteleza.

Sasa pale fimbo inapokaa. Kilo 12 za nguo ni kilo 6 kila upande, zote zikiegemea ukingo wa kadibodi usiofika hata sentimita moja. Tundu lisilotiwa nguvu hukatika kwenda chini kama uzi unavyokata sabuni. Gandisha kwa ndani vipande viwili vya plaiwudi vya sentimita 12 kwa 15, kimoja kila ukuta mpana, katikati kabisa. Toboa tundu sentimita 8 chini ya mkunjo wa juu, lisiwe pana kuliko fimbo. Kulabu ya henga hupanda juu ya fimbo kama sentimita 5, kwa hiyo kifuniko kitafunga bila kuigusa.

Fimbo ikatwe sentimita 52, iishie usawa wa ukuta wa nje, kisha ncha zifunikwe kwa selotepu iliyokingamana. Ikitokeza nje, itakwaruza kuta za vichochoro na kuling’oa tundu lake yenyewe.

Boksi moja linabeba nguo ngapi? (Msomaji, Shela)

Mashati na kanzu nyepesi 18 hadi 20. Makoti na suti 8 hadi 10. Uzito usizidi kilo 15, hata kama nafasi imebaki. Nafasi ya chini jazia leso na vikoi vilivyokunjwa, ambavyo pia vinazuia nguo kuyumba. Viatu visiingie humo. Vina uzito, vinatoboa sakafu ya boksi, na soli ina chumvi ya mchanga wa ufukweni.

Kanzu na buibui ni ndefu. Je, nitengeneze boksi la kimo cha mita moja na nusu? (Mama, Mkomani, Lamu mjini)

Hapana, mama. Boksi la namna hiyo halipindi kwenye ngazi nyembamba za nyumba za mawe, na litabidi lilazwe, ambapo faida yote inapotea. Kanzu ya mtu mzima hufika sentimita 140 hivi. Chukua henga yenye mti wa chini, uuzungushie taulo jembamba, halafu uilaze kanzu juu yake nusu kwa nusu. Inabaki kama sentimita 70, na taulo linazuia mkunjo mkali. Buibui lenye shanga ligeuze ndani nje kwanza, ili shanga zisinase kitambaa cha jirani.

Kofia za vito, zile za kudariziwa kwa mkono, zisitundikwe wala zisibanwe. Kila moja ivishwe kwenye bakuli au mkebe unaotoshana nayo, uiweke kwenye boksi lake dogo.

Tunavuka kwenda Mokowe, upande wa bara, kwa boti. Nguo zitafika kavu? (Msomaji, Langoni)

Zitafika, ukipanga mambo manne. La kwanza ni maji. Vuka maji yakiwa yamejaa. Maji yakipwa, boti hukaa chini sana ya gati, na boksi la kimo cha mita moja litapandishwa ngazi zenye utelezi kwa kuinamishwa huku na huku.

La pili, boksi lisikae ngamani, yaani chini kabisa ya chombo. Maji yanayokusanyika pale hulowesha sakafu ya kadibodi, na kadibodi ikilowa hupoteza nguvu zake kabla hujaona doa nje. Liweke juu ya vipande vya mbao, karibu na katikati ya chombo, mbali na omo, yaani mbele ya chombo, ambako rasharasha ni nyingi. Msimu wa kusi, upepo wa kutoka kusini, bahari huchafuka zaidi, kwa hiyo safiri asubuhi mapema kabla upepo haujashika.

La tatu, funika kwa turubai kwa nje. Wengine huuliza kuhusu mifuko ya nailoni. Ile ya kubebea ilipigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017, na hata bila marufuku hatungeshauri kuzifunga nguo ndani ya nailoni, maana jasho la kitambaa hukwama humo na ukungu unaota kwa siku chache. Turubai livuliwe mara mnapofika nchi kavu.

La nne husahauliwa na wengi. Mawimbi yakilitikisa boksi, kulabu huruka kwenye fimbo. Baada ya kutundika zote, pitisha kamba moja chini ya fimbo na juu ya shingo za henga, uikaze ncha zote mbili.

Na kama henga ni za waya, zibadilishe kabla ya safari. Hewa ya bahari huzitia kutu, na kutu kwenye bega la kanzu ni kazi ngumu kuitoa.

Nipakie kwa punda au kwa mkokoteni? (Msomaji, Shela)

Mkokoteni, kama njia yako inapitika. Punda hubeba vizuri mzigo uliosawazishwa pande mbili, lakini maboksi mawili ya kina cha sentimita 50 pamoja na mwili wa punda yanakaribia mita moja na nusu. Pima kichochoro chako kwanza, hasa pale kinapopinda. Kikiwa chembamba, mpe hamali boksi mojamoja. Kata mashimo mawili ya kushikia kwenye kuta nyembamba, sentimita 40 kutoka chini. Mtu akishika juu karibu na fimbo, uzito wote unavuta pale penye plaiwudi.

Kuanzia Mokowe, njia ya kupitia Witu na Garsen hadi Malindi ni ndefu, na boksi lisiposimama nguo hushuka kwenye henga. Kabla ya kukata tikiti, pima buti la basi. Likiwa chini ya sentimita 110, tafuta nafasi kwenye pikapu au lori.

Naweza kuzifukiza udi kabla ya kuzipakia? Na nondo je? (Dada, Malindi)

Fukiza, dada, lakini siku moja kabla. Nguo ziache zipoe na kupigwa na upepo kivulini, kwa sababu moshi wa chetezo huacha joto na unyevu kwenye kitambaa. Nondo hutafuta sufu, hariri na nguo zenye jasho au madoa ya chakula, hivyo fua kila kitu kwanza. Wanga wa kanzu nao huvutia mende. Nguo zikikaa boksini zaidi ya wiki mbili, zifuliwe bila wanga, utautia mkifika.

Vidonge vya nondo viweke kwenye kitambaa, ukining’inize kwenye fimbo mbali na vifungo vya plastiki na mbali na watoto. Mkifika, fungua boksi siku hiyohiyo, hata kama kabati bado halijaunganishwa.