Kabla hujanunua Spitfire, uliza ni toleo gani

Ndege yangu ya kwanza kwenye simuleta, gemu la kurusha ndege, ilikuwa Spitfire Mk I, ndege ya kivita ya Uingereza ya Vita vya Pili vya Dunia (Mk ni toleo). Niliona jina, nikalipa. Siku hiyohiyo nikamweka Mjerumani ndani ya Messerschmitt Bf 109 E mbele yangu, karibu kabisa. Akainamisha pua akapiga mbizi, nami nikasukuma jostiki mbele nimfuate. Injini ikakohoa, ikakata, ikarudi. Kuangalia mbele, hayupo. Usiku kucha nilihangaika na mipangilio ya kompyuta nikidhani imekwama.

Kumbe gemu lilikuwa sahihi. Injini za Merlin, zile za Spitfire, za mwaka 1940 zilitumia kabureta yenye boya, kifaa cha kuchanganya mafuta na hewa. Ukisukuma pua chini ghafla, mafuta yanarushwa juu na injini inakaukiwa. Mjerumani mafuta yake yalipulizwa moja kwa moja kwenye silinda, hakuwa na shida hiyo. Marubani wa Uingereza walilazimika kuigeuza ndege tumbo juu kwanza, ndipo wavute jostiki. Mwaka 1941 mhandisi Beatrice Shilling akapunguza tatizo kwa kitu kama washa (kile kipete bapa cha chuma kinachowekwa chini ya nati) yenye tundu dogo. Washa tu!

Ndiyo maana nasema, soma namba na herufi zinazofuata jina. Spitfire Mk V ilikiona cha moto ilipokutana na Fw 190, ndege nyingine ya kivita ya Wajerumani, mwaka 1941. Mk IX ya 1942, yenye Merlin 61 na supachaja (pampu ya kusukumia injini hewa) ya hatua mbili, ndiyo iliyorudisha heshima, hasa huko juu. Kwenye picha zinafanana kama ndugu. Hesabu mapanga ya propela: Mk V kwa kawaida ina matatu, Mk IX manne.

Mimi ningemwanzishia mgeni Mk IX. Bf 109 aiache kwanza, magurudumu yake yamekaribiana na wakati wa kupaa inavuta kushoto kama punda mkaidi. Kama kutua kunakutesa zaidi, chukua P-51D, ndege ya kivita ya Marekani, imesimama kwa miguu iliyotanuka. Ila usichukue P-51 za mwanzo zenye injini ya Allison ukitaka kupigana juu, zinachoka.

Na kwenye P-51D, kabla hujapaa, fungua ukurasa wa mafuta. Nyuma ya kiti kuna tangi la lita 320 hivi. Likijaa, mkia unakuwa mzito, na kona kali ya kwanza tu inaifanya ndege izunguke ovyo ikianguka. Mimi huliacha tupu.