Asili ya "Betty" wa China ni Kolombia
Wapo wanaodhani Chou Nü Wu Di, ile tamthilia ya Kichina ya msichana wa ofisini mwenye miwani na vyuma vya meno, iliigwa kutoka Marekani. Hapana, haikutoka huko. Asili yake ni Yo soy Betty, la fea, tamthilia ya Kolombia iliyoanza 1999, kazi ya mwandishi Fernando Gaitán. Toleo la Marekani la 2006 nalo limetoka hukohuko. Hunan TV, kituo cha televisheni cha China, walirusha la kwao mwaka 2008. Nimeyafuatilia matoleo haya kwa miaka, na la China halikuigwa tu: kampuni ya mitindo ya hadithi ya awali ikageuzwa wakala wa matangazo, hivyo bidhaa za Unilever, mdhamini wao, zikaingizwa ndani ya hadithi yenyewe. Ila mhusika mkuu, Lin Wudi, bado ni Betty kabisa.