Maswali ya Wasomaji: Doa Lisilofutika Kwenye Picha

SWALI: Nina kamera ndogo ya dijitali, zile ambazo lenzi hutoka ukiwasha na kurudi ndani ukizima. Siku hizi kila picha yenye anga ina doa la kijivu juu kushoto. Nimefuta kioo cha mbele mpaka nimechoka, doa liko palepale. Rafiki yangu ananishauri nikaipulize kwa kompresa ya fundi wa pancha. Nikajaribu? – Msomaji, Dodoma

JIBU: Tafadhali usiipeleke huko. Upepo wa kompresa hutoka na maji na mafuta ya kwenye tangi, na nguvu yake ni ya kujaza tairi. Utapindisha vile vibati vyembamba vinavyofunika lenzi, na vumbi lililokuwa ukingoni litaishia ndani kabisa. Makopo ya hewa yanayouzwa madukani nayo yaache, maana kopo likiinama hutema kimiminika cha baridi kali kinachoacha utando kwenye kioo. Kupuliza kwa mdomo kunaleta mate.

Kufuta hakukusaidia kwa sababu vumbi haliko mbele. Punje iliyo kwenye kioo cha mbele haijichori kwenye picha. Labda ukipiga ukielekea jua ndipo utaona weupe umetanda. Doa la mviringo lisilohama ni kivuli cha punje iliyotua kwenye kioo kinachofunika sensa, kile kibati kinachopokea picha nyuma ya lenzi. Imefikaje huko? Mirija ya lenzi hupishana kama pampu ya baiskeli. Kila inapotoka, nafasi ya ndani huongezeka na hewa huvutwa kupitia nyufa za pembeni, pamoja na chochote kilichopo hapo: vumbi la barabarani, au nyuzi za mfuko wa suruali.

Udogo wa sensa ndio unaokuza tatizo. Nyingi za kamera hizi zina sensa ya upana wa milimita 6 hivi. Unywele wa milimita 0.07 ukilala hapo unachukua zaidi ya sehemu moja ya mia ya upana wa picha. Kwenye kamera kubwa yenye sensa ya milimita 36, unywele huohuo ungechukua kama sehemu moja ya mia tano.

Hakikisha kwanza kabla hujamlipa mtu. Geuza gurudumu la juu liwe A au Av kama lipo (hapo unachagua mwenyewe upana wa tundu la lenzi), weka f/8 au namba kubwa zaidi iliyopo, maana namba ikiwa kubwa tundu huwa dogo, ISO (wepesi wa sensa kwa mwanga) iwe 100, ongeza mwanga +1. Sogelea ukuta mweupe mpaka ukuta huo uonekane kwa ukungu kwenye skrini ya kamera, kisha piga huku ukiitikisa kamera kidogo: alama za ukuta zitafutika, vumbi litabaki. Piga tatu: zumu ikiwa mwanzo, katikati, na mwisho. Doa likikaa mahali palepale katika zote, hata kama linakolea zumu ikivutwa, punje iko kwenye sensa. Likihama au kubadilika umbo, iko kwenye kioo kimojawapo cha ndani ya lenzi. Kinukta kikali cha rangi nyekundu, kijani au cheupe si vumbi hata kidogo; hicho ni kidoa cha sensa kilichoharibika, na hakisafishiki.

Nyumbani unaweza kufanya jambo moja. Washa, lenzi ikitoka chomoa betri ili ibaki nje. Ielekeze chini, zungushia brashi laini kavu kwenye maungio ya mirija, kisha puliza kwa kipulizio cha mpira ukifuata maungio hayo kwa pembeni, usilenge ndani. Rudisha betri, washa na kuzima mara mbili tatu lenzi ikiwa bado inaangalia chini, halafu rudia picha ya ukuta. Mara tatu zikipita bila mabadiliko, acha.

Usiifungue mwenyewe. Kapasita ya flashi hushika umeme wa volti 300 hivi, na betri ikitoka umeme hauondoki nayo. Fundi anayejua huumaliza kwa rezista, kipande kinachozuia umeme usitoke kwa kishindo, kisha hupima kwa mita. Anayegusisha bisibisi mpaka ipige cheche, chukua kamera yako uondoke. Muulize pia kuhusu skrubu tatu zinazoshika sensa. Mara nyingi zina springi au washa (pete bapa) nyembamba zinazoiweka sawa na lenzi, hivyo lazima ahesabu mizunguko anapozifungua na azirudishe vilevile. Asipofanya hivyo doa litaondoka, lakini upande mmoja wa picha zako utakuwa na ukungu daima. Mpe ile picha ya ukuta, na akumbuke kwamba picha hutua kwenye sensa juu chini: doa lako la juu atalikuta ukingo wa chini. Apige ukuta tena mbele yako kabla ya malipo.

Kwa sasa, fungua tundu la lenzi kwa namba ndogo, f/2.8 au f/4, kivuli kitafifia. Picha ulizokwisha kupiga zinarekebishika kwa programu ya Snapseed kwenye simu au GIMP kwenye kompyuta.

SWALI: Vipi kuhusu mashine ya kufyonza vumbi? – Msomaji, Nakuru

JIBU: Wakati mwingine inafaulu, kwa kuwa inageuza ile pampu. Lakini ikivuta kwa nguvu hung'oa mirija kwenye njia zake, na hapo lenzi haitarudi ndani tena. Tunaikubali tu kwa kamera ambayo uko tayari kuipoteza: nguvu ya chini kabisa, mdomo wa bomba usiguse lenzi, kiganja kikizunguka kwa kuacha mianya, sekunde mbili tatu huku ukivuta zumu.

SWALI: Ndani ya lenzi naona nyuzi kama utando wa buibui. Nipulize? – Msomaji, Lamu

JIBU: Hapana. Hiyo ni kuvu, inatokana na unyevu, na ikikaa hula rangi ya kinga ya kioo. Mpelekee fundi mapema. Kamera zako nyingine zitunze mbali nayo, kwenye chombo chenye mfuniko mkazo na vifuko vya silika, vile vinavyonyonya unyevu, vilivyo vikavu, wala si kwenye mkoba wa ngozi.