Elektroni zinasukumana, zinaungana vipi?

SWALI: Tumefundishwa kwamba katika supakondakta, yaani kitu kinachopitisha umeme bila ukinzani kikipozwa vya kutosha, elektroni husafiri mbili mbili. Kwenye oksidi za shaba zinasukumana vikali kuliko kwenye metali nyingine. Sasa zinashikana kwa nguvu gani?

JIBU: Umegusa penyewe, ndugu. Kwa metali kama zebaki, wanafizikia Bardeen, Cooper na Schrieffer walishajibu mwaka 1957: elektroni ikipita huzivuta atomu kidogo, na kwa kuwa atomu ni nzito, mvuto unabaki hata mwenyewe akishaondoka. Elektroni ya pili huufuata. Lakini mwaka 1986 Bednorz na Müller walipata oksidi ya lanthani, bari na shaba iliyoanza kupoteza ukinzani kwenye joto la kelvini 30 na kitu, na mwaka uliofuata oksidi yenye itri ikavuka 90. Kwa joto la juu kiasi hicho maelezo ya zamani hayakutosha.

Itazame La2CuO4 tupu, oksidi ya lanthani na shaba isiyochanganywa na kingine. Kila atomu ya shaba ina elektroni moja isiyo na mwenza, hivyo kwa hesabu za kawaida ingekuwa metali. Ukiipima, ni kihami, haipitishi umeme. Kila elektroni imejifungia kwenye atomu yake, maana kuingia kwa jirani kuna gharama kubwa ya nishati. Hata hivyo haikutulia kabisa: huruka kwa jirani kitambo kidogo na kurudi, na kanuni ya Pauli, inayokataza elektroni mbili kuwa katika hali ile ile, inairuhusu ikiwa tu spini ya jirani (usumaku mdogo wa elektroni, unaoelekea juu au chini) imeelekea kinyume. Kuruka huko kunapunguza nishati, kwa hiyo spini zinajipanga juu, chini, juu, chini. Msukumano wenyewe umezaa mfungamano wa sumaku, wa takriban elektronivolti 0.13.

Ukibadilisha sehemu ya lanthani kwa stronti, elektroni zinapungua, matundu, yaani nafasi zilizoachwa na elektroni, yanaanza kutembea, na mpangilio ule unavunjika. Mimi ni miongoni mwa wanaoamini kwamba mabaki ya mfungamano huo ndiyo yanayounganisha jozi, ingawa nadharia moja inayokubaliwa na wote bado haipo. Kinachonishawishi ni umbo la jozi: wimbi lake ni chanya upande mmoja wa fuwele, ukizunguka nyuzi 90 linakuwa hasi, na uwezekano wa wawili kukutana juu ya atomu moja ni sifuri. Zimeungana bila kulala chumba kimoja! Majaribio ya miaka ya 1990 yaliiona alama hiyo ikigeuka.

Ugumu ni hesabu. Katika modeli ya Hubbard, inayohesabu kuruka na msukumano huo tu, kila atomu ina hali 4 (tupu, elektroni ya juu, ya chini, au zote mbili), hivyo atomu 20 tu zina hali zaidi ya trilioni moja. Wewe anza na atomu mbili na elektroni mbili, hali 6, kwa kalamu na karatasi. U, gharama ya elektroni mbili kukaa atomu moja, ikiwa kubwa mno kuliko t, nishati ya kuruka, tofauti ya nishati kati ya spini zinazopingana na zinazolingana itakutokea 4t²/U.