Mtoto wa mbwa analia kizimbani, nimfungulie?

Swali: Nina mbwa wa miezi 3, nimemnunulia kizimba asikojoe ovyo ndani, ila usiku wa kwanza kalia mpaka nikahisi namtesa. Niendelee au niache?

Jibu: Endelea, ila umeruka hatua ndugu yangu. Ukimsukumia ndani na kufunga mlango siku hiyohiyo lazima aogope. Acha mlango wazi siku kadhaa, bakuli la chakula liweke mlangoni halafu kila mlo lisogeze ndani kidogo, utaona anaingia nusu, miguu ya nyuma bado iko nje tayari kukimbia, mwache tu hivyohivyo. Akizoea, funga dakika 1 anapokula, fungua kabla hajaanza kulia, kesho ongeza. Usiku kiweke karibu na kitanda chako akusikie ukipumua, na akilia usiku wa manane mtoe akojoe maana umri huo hawezi kubana mpaka asubuhi, kisha mrudishe bila michezo. Kiwe na nafasi ya kusimama na kugeuka, mvue kola isije ikanasa. Na tafadhali sana usimfungie humo kama adhabu, atakichukia.